Neno la Siri la Mama Birika

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, kando ya bomba la mtaa, na Mama Birika huuzia kahawa hapo tangu alfajiri. Siku hiyo hapakuwa na kicheko. Soli, fundi viatu, alikuwa ameibiwa simu. Mwizi akaingia kwa jina lake kwenye programu ya zamu za maji, akawafutia watu zamu zao, na mtaa mzima ukalala na ndoo kavu. Aliyeitengeneza programu hiyo ni kijana wao wa hapo hapo, Injinia, na leo alikuwa amekishika kikombe cha kahawa bila kukinywa.

— Niambie ukweli, alisema Soli. Neno langu la siri mwizi kalipata wapi? Hata mke wangu halijui!

— Lilikuwa ndani ya simu, kaka. Nililiacha wazi. Mtu akiichomeka kwenye kompyuta, analisoma hivi hivi.

— Nilijua! akadakia Wakili. Huyu hajawahi kukanyaga mahakamani, lakini kesi zote za mtaa ni zake. Maneno hutorokea kwenye tundu la chaji!

— Acha uongo wewe, Soli akamkatiza.

— Uongo? Betri huvimba kwa nini? Siri zimejaa, hazina pa kutokea. Haba na haba hujaza kibaba!

Hakuna aliyecheka. Injinia akaeleza taratibu.

— Nimerekebisha. Sasa simu itatunza kibali tu cha kukuingiza, si neno lenyewe, ndani ya kabati lake lenye kufuli. Na kule kwangu, kwenye kompyuta ya programu, neno litabaki limesagwa. Mahindi yakishakuwa unga, nani atayarudisha punje? Hata mimi sitaweza kulisoma. Ila kila mtu abadilishe neno lake leo. Asiyebadilisha, jioni namfungia.

— Mimi sibadilishi, alisema Mama Birika.

— Mama, bila zamu hupati maji. Bila maji, kahawa utapika na nini?

— Basi nisipike.

— Kwani hilo neno lina nini? Soli akauliza.

— Ni langu.

— Mficha uchi hazai, mama! akasema Wakili, akijiona kapatia.

Birika likagonga jiko. Mama akageuka, akaanza kuchochea makaa ambayo yalikuwa yanawaka vizuri tu. Injinia akaona mabega yake, na moyo ukamuuma sana. Mama huyu alimwita mwanangu tangu akipita hapa na sare za shule. Akainama karibu naye.

— Mama, kubadilisha neno si kumzika Kidoti mara ya pili.

Alisema kwa upole, lakini benchi ni fupi, na wote wakasikia.

— Kidoti nani? akauliza Soli.

— Mama alikuwa na mtoto? Sauti ya Wakili ilikuwa imeshuka.

Mama Birika alikaa chini. Kumbe kulikuwa na mpangaji mpya amesimama hapo na ndoo yake, amekuja kuomba aandikishwe kwenye zamu.

— Samahani, kaka, akasema yule mwanamke. Neno la siri la mama, wewe umelijuaje?

Injinia alikuwa ameliona siku ya majaribio ya programu, katikati ya maneno ya mtaa mzima: kidotilalasalama. Alilisoma. Baadaye akarudi kulisoma tena. Hakumwambia mtu, na siku zote alidhani kunyamaza kwake ndiyo heshima.

— Programu hunikumbuka, Mama Birika akasema polepole. Lakini kila asubuhi nilikuwa natoka makusudi, ili niingie upya, niliandike. Sina pengine ninapomwita.

— Nisamehe, mama. Nipe simu, nilifute lile la wazi. Lisibaki popote.

Akampa simu bila ubishi.

— Humo utalifuta, mwanangu. Na humo kichwani mwako?

Mama Birika akakichukua kikombe mkononi mwa kijana, kikiwa bado kimejaa, akakimwaga. Yule mpangaji mpya aliinua ndoo yake, akaenda zake bila kujiandikisha.