Tarapada Avua Mzula

Januari ikishaingia Kolkata, mwanamume mwenye akili zake havui mzula wa sufu, hata kama baridi yenyewe ni ya kutishia watoto tu. Ndiyo maana asubuhi hiyo, kwenye benchi la chai nyuma ya karakana ya tramu, kichwa kitupu cha Tarapada, dereva mstaafu, kilizua kesi. Jasho lilimtiririka shingoni. Kushoto kwake, mwisho wa benchi, palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Tangu rafiki yao wa kijiwe, Gobindo, afariki, hakuna aliyepakalia.

— Vaa mzula wewe! Unataka tukuzike? alifoka Refa, aliyestaafu filimbi lakini si mdomo.

— Nawaka moto, kaka. Ni hizi sindano za saratani ya tezi dume. Mchana nachomwa nyingine.

— Nyingine! Wamekukausha uanaume, sasa wanarudia? Kamusi, umesikia? Mtu anakwenda kuhasiwa kwa miguu yake mwenyewe!

Kamusi, mwalimu wa historia ambaye hakuna ugonjwa asioujua, alitua kikombe chake cha udongo.

— Daktari kakwambia nini hasa?

— Seli za saratani zinastawi kwa homoni ya kiume. Sindano inafunga bomba. Zikikosa riziki, nyingi zinakufa, nyingine zinasinyaa. Huko mbele zipo zinazoweza kuzoea njaa, lakini kwa sasa zimenywea.

— Aibu! Unazishindisha njaa! Mwenye njaa anafanya nini? Anavunja maduka! Zitakuhamia mifupani!

— Zinahama zikishiba, Kamusi.

— Basi zishibishe zaidi! Nyama ya mbuzi kila Jumapili, zinenepe mpaka zishindwe kutembea!

— Mimi nawajua wenye njama, Refa alidakia. Wake zetu! Mume akishapoozwa, haulizi kwa nini samaki kaungua.

Tarapada hakucheka. Sindano zilimlegeza hata machozi; juzi alilia akitazama tangazo la sabuni. Ukweli ni kwamba alikuja kijiweni akitamani mtu ampe sababu moja nzuri ya kutokwenda hospitali.

— Mwangalie Gobindo, Refa aliendelea, akijipiga kifua. Alizikataa hizo sindano! Tulimwambia hapa hapa, akatusikiliza. Dume mpaka mwisho!

— Mlimwambia hapa hapa, Tarapada alisema polepole. Na mimi nilikuwepo, nikapiga makofi.

Kabla Refa hajajibu, akafika mpangaji mpya wa ghorofa ya jirani, mzula umemshuka hadi kwenye nyusi, kikombe cha chai mkononi. Alionyesha mwisho wa benchi.

— Samahani wazee, hapa pana mtu?

Refa aligeukia karakana. Kamusi alikodolea macho kikombe chake, ambacho kilikuwa kitupu zamani. Mgeni alibaki kasimama, chai ikimpoa.

Tarapada akainuka, akausokomeza mzula mfukoni.

— Kaa hapa pangu. Mimi nakwenda kuchomwa sindano.

Alipiga hatua mbili, akageuka.

— Ila usipazoee, bwana. Narudi.