Bei ya Pikipiki ya Mkate

Benchi lile liliegemea ukuta wa kinyozi, mahali ambapo kivuli cha bati huwahi kufika na hukawia kuondoka. Miguu yake miwili ya upande wa barabara iliinuliwa kwa matofali, wakaaji wasije wakaserereka. Asubuhi, wateja wa nywele wakiwa bado hawajatokeza, ungewakuta pale wale wale. Kulikuwa na Spana, fundi wa pikipiki aliyefunga gereji yake lakini hakufunga mdomo. Kulikuwa na kinyozi mwenyewe, aliyeitwa Waziri kwa kuwa hakuwahi kutoa jibu fupi maishani mwake. Na kulikuwa na Shangazi, ambaye hakuwa shangazi wa yeyote pale, ila birika la kahawa lilikuwa lake, na kwa hilo peke yake alipewa heshima zote. Wa mwisho kufika siku zote alikuwa Mkate. Tangu alfajiri alikuwa akisambaza mikate madukani kwa pikipiki yake nyekundu, na akimaliza ndipo huja kunyoosha mgongo.

Siku hiyo alikuja amenuna. Aliegesha, akaketi bila salamu, na Shangazi akammiminia bila kumuuliza. Kikombe cha kwanza kilishuka kwa mafunda matatu. Cha pili kilipofika nusu, maneno yakamtoka.

Jana yake alikwenda kwenye duka la pikipiki, lile lililotundika bango kubwa: lete ya zamani, ongezea kidogo, ondoka na mpya. Kijana wa kukadiria bei aliizunguka pikipiki yake akiguna kila baada ya hatua, kama daktari aliyeona jambo ambalo hataki kumwambia mgonjwa. Akapapasa tangi pale lilipobonyea. Akasoma kilomita, akatikisa kichwa. Mwishowe akataja bei, na Mkate akamwomba airudie, maana alidhani ametajiwa bei ya tairi.

– Na hiyo ni ya pikipiki nzima? Spana aliuliza.

– Nzima. Pamoja na mafuta yaliyomo.

Benchi zima likaguna.

Mkate hakuwa mtu wa kupenda vipya kwa ajili ya upya. Ila wiki iliyopita pikipiki ilimzimikia katikati ya mlima, mvua inapiga, kreti za mikate ziko nyuma. Aliisukuma mpaka juu, na mikate ikafika imelowa. Mwenye tanuri hakumgombeza, alimtazama tu, na mtazamo ule ulimuuma kuliko maneno. Nyumbani mkewe alimpokea kwa taulo, akamwacha ale ashibe, kisha akaleta akiba yake ya ushonaji na kuiweka mezani. Alimwambia akabadilishe, kwamba yeye hatalala vizuri huku mumewe anapanda mlima na kitu asichokiamini. Sasa mtu ukishawekewa mezani jasho la mkeo, huwezi kurudi na hadithi.

Hayo yote Mkate aliyaeleza akitazama kikombe. Wenzake walimsikiliza kwa huruma, halafu, kama ilivyo desturi ya benchi lile, wakaiweka huruma pembeni na kuanza kubishana.

Waziri ndiye aliyefungua. Alisema bei ya kitu chochote haitoki kwenye kitu, inatoka kwenye macho ya anayekitazama. Yeye hupokea watu wazee kwenye kiti chake kila siku na kuwatoa vijana, na hajawahi kuwabadilisha injini. Dawa ni rangi. Nyekundu inazeesha, ipakwe nyeusi, iwekwe na michirizi ya dhahabu, yule kijana atasimama mwenyewe kuipokea. Spana akamjibu kwamba bonyeo likipakwa nyeusi linakuwa bonyeo jeusi.

Waziri hakutetereka. Akahamia kwenye kilomita. Kwake yeye kijana wa dukani alizisoma kinyume kabisa. Pikipiki mpya haijulikani itafika wapi, inaweza kufa kesho. Hii imekwishafika, ushahidi upo mbele ya macho. Kwa hiyo kadiri kilomita zinavyozidi ndivyo bei inavyopaswa kupanda, na iwapo kungekuwa na haki, pikipiki mpya ndizo zingeuzwa rahisi.

– Basi mwenzangu, ungekuwa unanyoa bure vichwa vipya, Shangazi alisema.

Naye akatoa la kwake. Alisema biashara haitaki rangi wala hesabu, inataka wivu. Mkate aende dukani, na wao watatu wamfuate mmoja mmoja kama watu wasiojuana. Spana aiulizie pikipiki mlangoni. Yeye Shangazi atokee upande wa pili na kudai alimtangulia. Wagombane hapo hapo mbele ya kijana mpaka aogope kuikosa. Waziri akaipenda hiyo hata akainuka. Alijitolea kuvaa koti lake la harusi na kuja wa mwisho, ametumwa na jumba la makumbusho, kuizuia isiuzwe kwa yeyote kwa kuwa ni mali ya vizazi vijavyo.

Mkate alicheka bila kupenda. Kahawa ikampalia, ikabidi Shangazi ampige mgongoni.

Kicheko kilipopoa, Spana alikuwa hayupo kwenye benchi. Alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki, ananusa.

– Tangu izime mlimani, nani ameifungua?

Mkate akakiri kwamba hakuna. Ilipowaka tena kesho yake aliiogopa, kama unavyomwogopa mtu aliyekuaibisha mbele za watu. Aliipanda kwa kuwa hakuwa na nyingine, lakini moyo wake ulikuwa umekwishaiacha.

Spana akakunja mikono ya shati. Akachukua vifaa vyake kutoka uvunguni mwa benchi, akachomoa mpira wa mafuta, akafungua kabureta. Akamwonyesha Mkate kwenye kiganja alichokikuta: vumbi la kutu lililotoka ndani ya tangi, chenga chenga kama majani ya chai yaliyobaki kikombeni. Hizo ndizo zilizoziba njia ya mafuta. Injini haikuwa na ugonjwa wowote, ilikuwa na njaa.

Kazi ikawaingia wote. Spana alisafisha tangi na kubadilisha mpira. Mkate akakaza mnyororo na kuupaka grisi. Waziri, aliyeona aibu kukaa na mikono mitupu, akatoa ndoo, brashi na sabuni yake ya nywele, akaiosha pikipiki kuanzia taa mpaka ekzosi, hata ikanukia kama bwana harusi. Mteja wake wa kwanza alipofika aliambiwa asubiri, kuna kichwa kingine mbele yake.

Mkate akapiga kiki mara moja tu, na injini ikaitika. Mlio wenyewe ulikuwa mwingine, mzito na mtulivu, mlio aliousahau. Spana akasema injini isisifiwe hapa kwenye tambarare. Basi Waziri akapandishwa nyuma badala ya mikate, kwa kuwa kreti zote za tanurini hazimfikii kwa uzito, wakaelekea mlimani. Pale ilipomzimikia, Mkate alijikuta amekaza meno. Pikipiki ikapita pale kama haikumbuki chochote. Huko juu alisimama kidogo bila sababu, mkono juu ya tangi, akiangalia mapaa ya chini, huku Waziri nyuma yake akieleza kwamba mafanikio yale yametokana na sabuni.

Waliporudi, bei ilikuwa imepanda kwenye benchi wao wakiwa hawapo. Spana aliitaja moja, Shangazi akaitaja ya juu zaidi, Waziri akasema zote mbili ni matusi. Walikubaliana neno moja tu: Mkate aende dukani sasa hivi, kabla vumbi halijaishika. Mkate akakubali. Akafungua pochi, akahakikisha ile akiba ya mkewe ipo. Akavaa kofia ngumu. Kisha akaketi tena, akasema amalizie kwanza kahawa, ingawa kikombe chake kilikuwa kitupu.

Hapo ndipo akatokea dada mmoja ambaye hawakuwahi kumwona, kofia ngumu mpya kabisa kwapani na hana pikipiki. Aliwaamkia, wakaitika. Akaomba kahawa, akajieleza kwamba ni mwalimu, amehamishiwa shule ya upande wa pili wa mlima, na kofia ametanguliza kuinunua ili isimwache astarehe mpaka apate chombo chenyewe. Alikuwa akizungumza na Shangazi, lakini macho yalikuwa kwenye ile nyekundu.

– Samahani, kaka. Hii inauzwa?

Spana akamtazama Waziri. Waziri akafungua kinywa, mtu ambaye hakuwahi kukosa jibu, akakifunga. Asubuhi nzima walikuwa wameipandisha bei na kuishusha, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amejiuliza hilo. Wote wakamgeukia Mkate. Mkate akatazama viatu vyake, akatazama pikipiki, akahisi masikio yanapata moto kama mtoto aliyeulizwa anampenda nani.

Mwalimu akasubiri kwa adabu, akadhani labda ameuliza vibaya.

– Panda, mwalimu, Mkate alisema mwishowe. Nikupeleke dukani ukachague yako. Nitakusaidia kuangalia injini.

Hivyo ndivyo alivyorudi kwenye lile duka. Yule kijana akatoka, akaizunguka pikipiki upya, na safari hii hakuguna. Akasema bei ya jana wanaweza kuiongea. Mkate akamwambia aongee na mwalimu, yeye ameleta mteja tu.

Jioni alimrudishia mkewe akiba yake kabla hata ya kuvua viatu. Mkewe akaipokea bila furaha, akamtazama. Mkate hakujitetea. Akamwomba avae koti, watoke kidogo. Walipofika chini ya mlima alihisi mikono ya mkewe inamkaza kiunoni, na akaijua hofu yake, maana ilikuwa yake pia asubuhi ile. Pikipiki ikashika mlima, ikatulia, ikaendelea kupanda. Katikati mikono ikalegea. Karibu na kilele mkewe akamsogelea sikioni.

– Mbona unatambaa, baba? Ongeza mwendo.