Nilivyofunga Wiki Tano Nikanenepa

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Wa benchi la nyuma nawaona, msianze kucheka kabla sijafika pa kuchekea. Mchungaji ameniambia niandike ushuhuda huu kwenye karatasi na niusome kama ulivyo, nisiongeze neno, kwa sababu ananifahamu. Naitwa Elia, nasoma kidato cha tatu hapa Kasulu. Wengi wenu mnaniita Bonge, na nimezoea.

Mwaka huu wa 2014 ulinikuta nina miaka kumi na sita na kilo themanini na nne. Kilo hizo nilizijua kwa sababu nilikuwa nikijipima dukani kwa Baba Swalehe, yule anayenunua maharage, kwenye mizani ya magunia. Nikipanda pale vijana wake wanasema, "Gunia hili limejaa, leteni sindano tushone." Mimi ndiye nilikuwa nacheka wa kwanza. Ndugu zangu, mtu mnene akiwahi kujicheka mwenyewe, wengine wanakosa kazi. Nimeishi hivyo tangu darasa la nne.

Sasa mwezi wa tano tukaanza mazoezi ya igizo la kwenda nalo Kibondo, kwenye mkutano wa vijana wa mwezi wa nane. Ni lile la mwenye kupooza aliyebebwa na rafiki zake wanne, wakapanda naye paani, wakamshusha mbele ya Yesu. Mimi nilipewa kupooza. Niliitaka nafasi ile kuliko chochote, kwa sababu mwisho yule mtu anasimama, na nilishapanga nitakavyosimama: kidole kwanza, halafu bega, halafu nalia. Nilitaka mara moja tu katika maisha yangu watu wanitazame walie, wasicheke.

Machela yetu ilikuwa miti miwili na blanketi. Wabebaji wanne wakainua, mti mmoja ukalia kaa! ukakatika, nikashuka chini na blanketi lote.

"Huyu aponywe hukuhuku nje," mbebaji mmoja akasema. "Paani hafiki."

Nikacheka wa kwanza, kama kawaida. Lakini Mwalimu Yona, anayetufundisha igizo, hakucheka. Akaniita pembeni. "Elia, mdogo wangu, nakupa mpaka mwisho wa mwezi wa saba. Wakikuinua, nafasi ni yako. Wakishindwa, anaingia Obedi." Obedi yuko kidato cha kwanza. Ukipiga chafya karibu naye anahama.

Tangu siku hiyo sikutulia. Kitandani nageuka, darasani nageuka. Alfajiri nakimbia barabara ya Kibondo mpaka kwenye mashine ya kusaga, narudi nahema kama mbuzi aliyefukuzwa. Na kwa kuwa kanisa lilikuwa limetangaza mfungo wa kila Jumatano kuuombea mkutano, nikapata akili. Nikafunga Jumatano. Halafu nikajiongezea Jumatatu, Jumanne, Alhamisi na Ijumaa. Mama aliponiuliza, nikamwambia nauombea mkutano.

Hapo ndipo penye dhambi, ndugu zangu, msipitwe. Sikuombea mkutano hata dakika moja. Nilikuwa naombea kitambi.

Nyumbani tuko wawili, mimi na mama. Baba anafanya kazi Kigoma mjini. Mama aliposikia nafunga siku tano kwa wiki alinitazama kama vile nimerudi kutoka safari ndefu. "Mwanangu, umekua," akasema. Jumapili akawasimulia akina mama wenzake, na wakaanza kunisalimia kwa mikono miwili. Mimi, Bonge, niliyewahi kutolewa ibadani kwa kuiga kikohozi cha mzee wa kanisa.

Na jioni ikifika, mama ananipakulia. Ugali wa muhogo mkubwa kama kichwa cha mtoto. Maharage yamezama kwenye mafuta ya mawese. Mgebuka mzima, samaki wa ziwani. Nikimaliza, viazi vitamu vinakuja nyuma. "Kula, mwanangu, kesho huli." Na mimi nilikuwa na hesabu zangu: leo nimekimbia, tangu jana sijatia kitu mdomoni, kwa hiyo hiki chote ni haki yangu. Siku ambayo mwalimu wa biolojia alieleza habari za kalori, chakula kinachoingia na nguvu inayotoka, mimi nilikuwa nimelalia daftari naota chapati.

Kila baada ya siku mbili niko kwa Baba Swalehe. Themanini na nne. Themanini na tano. Nikavua viatu, nikavua mkanda, nikatoka nje nikatema mate, nikarudi. Themanini na sita. Nikaanza kuamini kuna mtu ananiroga.

"Elia," Baba Swalehe akasema, "unaufanya nini huo mwili?"

"Nafunga, Baba Swalehe. Wiki ya tano hii. Na nakimbia."

"Wewe. Sisi tunafunga mwezi mzima, na ikifika sikukuu kuna watu kanzu haziwaingii. Mchana hauna shida. Niambie magharibi unakula nini."

Nikajifanya naitwa nje.

Juma lililofuata, shule zimefungwa, mama akaniambia nimsaidie kupeleka maharage dukani. Nikasukuma baiskeli na gunia, yeye nyuma. Baba Swalehe akapima gunia, wakaelewana bei. Kisha akina mama waliokuwepo wakaanza mchezo wao wa kupanda mizani mmoja mmoja, wakitaniana. Wakamsukuma mama naye apande.

Baba Swalehe anakumbuka kilo za watu kama wengine wanavyokumbuka majina. Akaangalia mizani, akamwangalia mama. "Mama Elia, msimu uliopita hapa ulikuwa na sitini. Leo hamsini na nne. Unaumwa?"

"Siumwi," mama akasema kwa sauti ndogo. "Nafunga na mtoto. Ningemwachaje peke yake kwenye maombi mazito namna ile?"

"Na shambani unakwenda?"

"Maharage yangejing'oa?"

"Na jioni?"

"Jioni naonja kidogo. Mwenye kazi kubwa ni yeye, namwekea yeye."

Ndugu zangu, sikujua. Naapa sikujua. Nilikuwa nainamia sahani yangu kila jioni, sikuwahi kuinua macho kuangalia ya kwake. Yeye alikuwa anainama shambani tangu asubuhi na tumbo tupu, mimi nakimbia nusu saa kisha nakwenda kukaa kwenye dawati. Chakula cha mtu anayelima kilikuwa kinaingia kwa mtu anayekaa.

Baba Swalehe akanigeukia taratibu. "Mizani yangu ni nzima," akasema.

Nikacheka. Kilinitoka chenyewe kile kicheko, kwa mazoea. Hakuna aliyecheka na mimi.

Nikamwambia mama palepale, yeye bado yuko juu ya mizani. Nikamwambia kuhusu machela, kuhusu Obedi, kuhusu kitambi. Akashuka, akafunga kanga yake upya, akatoka. Njia nzima alitangulia mbele. Nilisukuma baiskeli tupu mlimani na ilikuwa nzito kuliko ilipokuwa na gunia.

Tulipofika akakaa kizingitini. "Yaani nimeng'oa maharage shamba zima na njaa, kwa ajili ya tumbo lako."

"Ndiyo, mama."

"Na migebuka yote ile."

"Ndiyo, mama."

"Kesho asubuhi unakunywa uji na mimi. Halafu shambani."

Wengine Bwana aliwatumia malaika. Mimi alinitumia mizani ya maharage, na baada ya hapo akanikabidhi kwa mama. Likizo yote nilikula alivyokula yeye, asubuhi, mchana na jioni, sahani moja bila nyongeza, na sahani yake niliikagua kwanza mimi. Tulipura maharage, tukachimba mihogo, nikabeba maji. Wiki ya kwanza nililia kwa viazi vitamu, sioni aibu kusema. Lakini sikuzimia, sikulala darasani shule zilipofunguliwa, na nilikuwa nalala usiku bila kugeuka. Mama alirudi hamsini na nane. Mimi nilishuka polepole hadi kero: themanini na tano, na tatu, mwisho wa mwezi wa saba themanini na moja.

Siku ya jaribio nikalala kwenye machela, mikono kifuani. Wakainua. Mti haukulia. Wakanipandisha juu ya meza iliyokuwa paa letu. Mwalimu Yona akatikisa kichwa kukubali, na nafasi ikawa yangu.

Ila pale juu nilikuwa naiona shingo ya mbebaji wa mbele. Mishipa imemsimama, jasho linamwingia machoni, na anajitahidi nisimwone anatetemeka. Nimelala tu nabebwa, najiandaa kuliliwa. 

"Nishusheni," nikasema. "Wekeni Obedi. Mimi nishike mbele."

Kibondo mliokwenda mliona. Obedi alisimama ghafla kama ameng'atwa na siafu, hakuna cha kidole wala bega, na watu walilia vilevile. Mimi nilikuwa nimeshika mti wangu, hakuna aliyeniangalia, na nililia kuwazidi wote.

Namshukuru Mungu aliyenivumilia nikimtumia kama dawa ya kupunguza unene. Namshukuru Baba Swalehe, ingawa hayupo humu. Mama nimeshamshukuru nyumbani, amesema nisimtaje sana. Ndugu yangu, kama unafunga kwa ajili ya Bwana, funga, na Bwana atakusikia. Kama unataka kupungua, sema unataka kupungua, ule kiasi, ufanye kazi. Usichanganye, maana hujui nani nyumbani kwako anailipia njaa yako.

Na mwenye mzigo kama wangu asione haya, amtegemee Mungu na aje. Jumamosi asubuhi tunaanza kulima kwetu, majembe yapo manne. Chakula kipo, sahani moja kwa kila mtu, na anayepakua ni mama.