Majiko ya Jua ya Shieywe

Masikio hayana pazia. Foleni ya mafuta ya taa ya kupikia ilikuwa haisongi, na Navalayo akawa anasikiliza tu. Mbele yake Nanjala, mama wa mtaa wa Shieywe, alikuwa akimweleza bwana mmoja mgeni kuhusu majiko ya jua waliyogawiwa na mradi.

"Wakaguzi wakija tunatoanga yote nje. Wanafurahi vile inang'aa. Sasa jiko ya kupikia inaweza ng'aa? Obusuma, hii ugali yetu, inataka kusongwa, na ukifungua hiyo sanduku usonge, joto yote inatoroka. Yangu kuku ameatamia ndani."

"Na majirani?" bwana akauliza kwa upole. "Nyumba ngapi hivi?"

Upole huo ulimtia Navalayo wasiwasi. Akamkagua: viatu safi, kalamu mfukoni, mikono mitupu. Mtu gani hupanga foleni ya mafuta bila mtungi? Akamfinya Nanjala kiunoni.

Nanjala akaitazama ile kalamu, akaelewa. Akauficha mtungi wake nyuma ya leso. "Lakini ni jiko nzuri sana, baba. Tunapikianga kila siku."

Bwana akatoa daftari, akaandika hilo la mwisho tu.