Alisema "Yake", Hakusema "Yako"

Baba na mama, na ninyi mliobanana kwenye mabenchi ya nyuma, niacheni niongee nikiwa nimesimama, maana nikikaa nitapata pa kujificha. Wafugaji wenzangu wameniomba nieleze jinsi kondoo wetu wa kienyeji walivyokaribia kuisha na jinsi walivyobaki. Nitaeleza. Lakini habari ya kondoo siwezi kuitenga na dhambi yangu, na wengi wenu mliisikia dhambi hiyo ikitoka mdomoni mwangu, humu humu ukumbini, mkajibu "Amina."

Mnawajua wale kondoo. Wafupi, wekundu, manyoya kama ya mbuzi, mkia mnene. Kupe hawawasumbui sana, na kiangazi kikikausha kila kitu wao bado wanapata cha kutafuna kando ya reli. Wafugaji wengi wa kwetu walishawachanganya na madume wakubwa kutoka Zambia, kwa ajili ya nyama. Machotara hao wanazaliwa wakubwa kweli, lakini mvua ya kwanza ikinyesha wanakohoa kama wazee. Baba yetu hakuchanganya. Alifanya kazi kiwandani Shituru mpaka alipozeeka, na akitoka kazini alipitia zizini kwanza, hata kofia hajavua. Mama alimtania kwamba yeye mama ni mke mdogo, wake wakubwa wako zizini.

Baba alikuwa na desturi aliyoiita bukwe, yaani ukwe. Mabinti wa dume wakianza kukua, dume anaondoka. Alimpeleka kwa nyumba moja ya upande wa Buluo, iliyokuwa na kondoo kama wetu, na dume wao akaja kwetu. Siku hiyo dume alifungwa kitambaa shingoni, tukapika bukari, ugali wetu, na kuku, na zile nyumba mbili ziliitana wakwe. Mimi nilicheka tu. Niliona ni michezo ya wazee.

Yaya wangu, dada yetu wa kwanza, hakucheka. Shule hakufika mbali, lakini alimjua kila kondoo, na mama yake, na nyanya yake. Angekuonyesha kidole: huyu ni wa yule mwenye sikio lililopasuka, yule ni mjukuu wa kilema. Tulimcheka kwamba anajua ukoo wa kondoo kuliko ukoo wa mume wake, na alipofiwa na mume huyo akarudi kuishi kwetu.

Baba alipofariki kundi lilikuja kwangu, maana mimi ndiye mwanaume. Wakati huo tulikuwa na dume tuliyemwita Mukubwa. Ndugu zangu, nawaambia, nilimpenda yule dume kupita kiasi. Kifua kile! Watu walisimama barabarani kumtazama, na mimi nasimama pembeni kana kwamba nilimzaa mwenyewe. Basi wakwe wakaja na dume wao, kadogo, kamechoka na safari. Nikawarudisha kutoka mlangoni. Hata maji sikuwapa. Yaya alikuwa uani, mikono imejaa unga, akaniambia maneno ambayo leo nayasema kama alivyoyasema:

"Ukikatala huyu aende, batoto yake batakufa."

Batoto yake. Watoto wa dume. Nilimsikia vizuri.

Mwaka wa kwanza hakuna kilichotokea, nikamtania yaya kwamba ameishiwa unabii. Mwaka uliofuata walianza kuzaliwa wana-kondoo wenye taya la chini fupi, hawawezi kushika titi. Mmoja alizaliwa kipofu. Wengine walisimama siku moja, siku ya pili miguu imekwisha. Majike kadhaa hawakushika mimba kabisa. Mukubwa alikuwa amewapanda mabinti zake, na sasa alikuwa anawapanda mabinti wa mabinti zake, na mimi natamba mtaani kwamba kwangu damu ni safi, hakuna mgeni aliyeingia. Nilikamua maziwa, nikawanywesha wale wadogo kwa chupa, kutwa nzima niko zizini. Walikufa mikononi mwangu.

Ni wakati huohuo binti yangu aliposhikwa na homa. Alikuwa na miaka miwili. Mama yake aliniita, nikasema ngoja nimalize na huyu. Aliniita tena. Hospitali walisema ni malaria, na kwamba tumechelewa. Tulimzika Jumamosi. Sitasema zaidi, mama yake yuko hapa.

Baada ya mazishi nilikuja kwenye maombi. Aliyekuwa anaongoza akauliza kama kuna mtu wa nyumbani aliyetamka neno juu ya watoto. Nikasimama pale karibu na dirisha. Nikasema: "Ndiyo. Yaya alinambia, batoto yako batakufa."

Yako.

Nilibadilisha herufi moja. Kuna wenye huruma wanaoniambia ni uchungu tu, masikio yalichanganyikiwa. Hapana. Wakati neno linatoka nilijua si hilo. Lakini nilihitaji liwe hilo, kwa sababu kama si yaya, basi ni mimi, niliyekuwa nanywesha kondoo wakati mtoto wangu anawaka.

Yaliyobaki mnayajua. Walimwita muloji, yaani mchawi. Vitu vyake vilitupwa nje ya parsele, kiwanja chetu, na mimi nilibeba godoro kwa mikono yangu hii. Akaenda Kamatanda, akapanga chumba karibu na wachimbaji, akawa anakaanga mikate ya mafuta na kuuza. Maneno yalimfuata mpaka huko. Kina mama waliwavuta watoto wao wasipite karibu na beseni lake. Kuna mmoja alinunua mikate kabla hajamtambua, halafu akaimwaga mtaroni, yaya anamtazama. Aliishi kwa kula mikate yake mwenyewe ya juzi.

Na kondoo? Waliendelea kufa. Muloji ameondoka, kondoo wanakufa. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilikazana kumwaga maji ya baraka zizini. Walibaki saba, pamoja na Mukubwa.

Ndipo alipokuja yule mama, daktari wa mifugo, aliyekuwa anazunguka kutafuta kondoo wa aina hii kabla hawajaisha kabisa. Alifungua mdomo wa mwana-kondoo aliyezaliwa wiki ile, akaliona taya.

"Baba yake njo nani?"

"Mukubwa."

"Na baba ya mama yake?"

"Mukubwa."

"Na huyu mwingine?"

Nikamwonyesha Mukubwa kwa kidole. Akanitazama, akaniuliza polepole, bila ukali:

"Baba, kwenu mutu anaoaka mutoto yake?"

Ndugu zangu, nilikaa chini, palepale kwenye samadi. Nilimsikia yaya upya, na mikono yake yenye unga. Hakunilaani. Alikuwa anawatetea kondoo. Nilimwambia daktari kwamba kuna mtu mmoja tu duniani anayejua nani ni wa nani katika hawa, na mtu huyo nimemfukuza.

Nilikwenda Kamatanda. Nilimkuta anageuza mikate kwenye mafuta. Amekonda. Hakuinua macho.

"Unatafuta nini?"

"Pardon, yaya."

"Ulinisema mbele ya bantu. Pardon unaniletea ku moto ya mikate, fasi hakuna mutu anasikia?"

Alitoa mikate yote, akaiweka kwenye beseni, ndipo akauliza:

"Babakia ngapi?"

"Saba."

"Mutoto ya kilema iko?"

"Iko."

Akafuta mikono. "Bakondoo habakunikosea. Nitakuya juu yabo. Juu yako, hapana."

Alikuja. Nyumbani hakuingia, maji yangu hakunywa. Alisimama zizini, akatenga majike wawili ambao hawakuwa na damu ya Mukubwa, akasema hawa njo mwanzo. Mukubwa aende pasipo na binti yake hata mmoja. Nilimfunga kitambaa shingoni, nikaenda naye kwa wakwe, upande wa Buluo. Walinisimamisha mlangoni, bila maji. Ilikuwa haki yangu. Mama wa nyumba ile akasema mimi hanijui, ila dada yangu anamjua, na kwa ajili yake akatoa dume wao.

Leo tuko nyumba sita. Madume wanazunguka, hakuna anayekaa mpaka mabinti zake wakue. Kondoo akizaa, yaya anasema ukoo, mke wangu anaandika. Msimu huu wengi wamesimama na kunyonya. Mmoja alizaliwa na lile taya. Daktari anasema kuna ukoo mwingine wa kondoo hawa uliokwisha kabisa, kwa sababu yangu na wengine kama mimi, na huo hautarudi hata tufanye nini. Nawaambia ili msifikiri nimekuja kusimulia ushindi.

Namshukuru yule daktari aliyeuliza swali badala ya kunitukana. Nawashukuru wakwe. Namshukuru mke wangu, ambaye angeweza kuondoka na hakuondoka. Na kama mnataka somo, ni hili: badilishaneni madume, hasa yule mnayemwona mzuri. Na neno la mtu lipelekeni kama alivyolisema, msiligeuze hata herufi.

Yaya hajanisamehe. Jumanne alinionya nisithubutu kumsemea kwamba amesamehe. Basi sisemi. Nasema lililo langu: yaya si muloji, na hakuwa muloji siku ile niliposema humu ndani. Nilidanganya, mkaniamini. Nalitoa lile neno hapa nilipoliweka.

Yuko hapo nje, hakutaka kuingia. Mikate iliyoko mlangoni ameikaanga yeye leo asubuhi, kwa ajili ya mkutano huu. Nimeona mlivyoipita wakati wa kuingia, mmoja mmoja, mkijifanya mmeshiba. Msinipigie makofi. Mama wa yule mtoto tuliyemzika ameshasimama, anaelekea mlangoni kula. Nami namfuata.