Hatua Kumi na Mbili hadi kwa Kavindu

Pale Mutomo benchi letu linatazamana na kibanda cha Kavindu, barabara tu katikati. Miaka tisa tumekunywa kahawa yake. Sasa kibanda kina kufuli, na sisi tunagawana kahawa nyepesi ya thamosi aliyobeba Breki, dereva mstaafu wa lori. Juzi picha ilizunguka kwenye simu: ndoo ya maziwa, sabuni ya unga kando, na maneno kwamba hivyo ndivyo Kavindu anavyopata povu. Wateja waliisha kwa siku mbili. Leo asubuhi amepanda gari kurudi kwao Kikima, na hakuna aliyemuaga.

— Hiyo kitu ilitoka Nairobi, akasema Breki. Kuna watu wanalipwa kuharibia Wakamba jina.

— Nairobi gani? akajibu Ndolo, tunayemwita Profesa kwa sababu ya miwani. Siku hizi simu inajitumia meseji yenyewe, wewe ukilala.

— Yangu nilikuwa nimezima!

— Hata ikizimwa. Betri inabaki ikifikiria.

Nilicheka nao, lakini kicheko changu kilikuwa cha uongo.

— Mutisya, wewe mzee wa kanisa, unasemaje? akaniuliza Breki.

— Ni shetani, nikasema.

Ciku, aliyefungua duka la dawa za mifugo hapo jirani mwezi huu, akaja na kikombe chake mkononi.

— Wazee, kwani Kavindu hajafungua?

Profesa akampa simu aone mwenyewe. Ciku akaivuta ile picha ikawa kubwa.

— Lakini hii jikoni sakafu iko na tiles. Ya Kavindu si ni ya mchanga?

Mchanga ule tumeumwagia kahawa miaka tisa.

— Na nani kati yenu alivuka barabara akamuuliza?

Breki akafungua thamosi, akatazama ndani, akaifunga. Profesa akavua miwani. Ciku bado alikuwa na simu, na chini ya picha, kwenye grupu ya kanisa, akasoma kwa sauti: "Ni kweli, nimethibitisha. Mzee Mutisya."

Aibu ilinipanda hadi masikioni. Sikuwa nimethibitisha chochote. Nilitaka tu nionekane najua.

Nikainuka, nikavuka. Ni hatua kumi na mbili. Nilizihesabu, nikafika kwenye kufuli.