Pembe Nne za Shuka

Sogeeni karibu, wanangu. Swabir, zima hiyo feni, inanimezea maneno. Na wewe Sumaiya usilie bado, kwani nikikuona unalia nitasahau nililokuitia, nami sina pumzi ya kuanza upya.

Nyumba hii ya Msambweni ni ya mama yenu Mwanatumu mpaka siku yake. Minazi ya Funzi mgawane kama sharia inavyosema, bila kutoleana sauti. Hayo mepesi nimeyamaliza. Zito ni lile ulilonieleza jana, Sumaiya, kwamba hoteli imeuzwa tena, mwenyewe mpya amekupa umeneja, na kazi yako ya kwanza ni kumpelekea Jumatatu majina kumi ya watu wa kuachishwa.

Orodha hiyo mimi naijua. Nimefua Maskati, nikafua Doha, nikarudi kufua Diani, hoteli hiyo hiyo yako, miaka ishirini na sita. Dunia nimeizunguka, na nilichokiona zaidi ni povu. Lakini kuna jambo linanishangaza hata leo. Zamani za yule Bibi Mswisi aliyekuwa mwenye hoteli, mashuka tulikuwa tukiyakunja wawili wawili. Unashika pembe mbili, mwenzako mbili, mnarudi nyuma, mnakung'uta, kisha mnaendeana mpaka mikono inakutana. Mwenzangu alikuwa Rai, mtu wa Kinango. Tuligombana karibu kila asubuhi, lakini kufika shuka la kumi mmoja wetu keshacheka, maana utamnunia vipi mtu ambaye kila dakika unamtia pembe mkononi?

Bibi akauza, ikaja kampuni na meneja wake, Eunice. Asisemwe vibaya mbele yangu: alituongezea mshahara, akatununulia mabuti na glavu, akaleta na mashine ya kukunja. Mimi akanifanya msimamizi wa londri, akanipa redio ya mkononi, nikawa naiongelesha hata chooni ili watu wajue nimepanda cheo. Basi niambieni nyinyi mliosoma: watu wale wale, mashuka yale yale, mshahara umepanda, mbona haukuisha mwezi kila mtu akawa anaficha sabuni yake, na salamu zikabaki za kubonyeza kidole kwenye mashine ya langoni? Nilidhani ni uvivu. Nikadhani ni husuda. Bado sijui, na ningeishi mwaka mmoja zaidi kwa kutaka kujua tu.

Ninalolijua ni langu mwenyewe. Eunice aliuliza nani mzito wa kazi, apate kumwachisha, nami nikasema, "Rai." Neno moja tu, redioni, uso wa Rai siuoni. Naye hakuwa mzito. Mgongo ulikuwa ukimuuma, na aliyejua ni mimi peke yangu, kwa kuwa aliniambia tulipokuwa tukikunja. Siku ya kuondoka alinipitia mlangoni, akasema, "Jaafar, ungekuwa umeshika pembe za upande wa pili, ungesema jina langu?"

Nikainua redio, nikajifanya naitwa. Huu ni mwaka wa tisa ananidai jibu.

Kwa hiyo, Sumaiya, sikukatazi kuandika. Pengine hoteli kweli imelemewa. Ila kabla ya Jumatatu ingia londri, izime ile mashine siku nzima, ukunje na kila mmoja wao. Jina litakaloandikika baada ya hapo, liandike. Na uchunguze kinachowabadilisha watu, uje unieleze kaburini. Huko nitakuwa na nafasi ya kusikiliza.

Swabir, nenda Kinango leo hii. Rai akikubali kuja, mlete. Akikataa usimlazimishe, mpe jibu lake tu: nisingelisema.

Mwenyezi Mungu awape kazi ya halali, na wenzenu wa... ngoja, nipumue... wenzenu wa kutazamana nao usoni.

Sumaiya, hili shuka limeniteremka. Shika pembe zako. Rudi nyuma kidogo. Kung'uta... hivyo hivyo. Sasa njoo. Mimi siwezi kukujia, mama, njoo wewe... njoo mpaka mikono...